Tangazo la Kifo cha Maige Bujiku

Mwanao akifa leo, nani atakuambia?

Bernadina Kalekwa wa Nyahanga, mjini Kahama, aliambiwa na redio ya jirani, na redio hiyo ikazimika kabla ya kumaliza sentensi. Naandika habari zake kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu hakuna gazeti litakaloziandika. Magazeti yetu siku hizi yanaandika habari za dhahabu.

Mwaka 1996 nilikuwa mpangaji wake. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka mmoja kabla, nikapangiwa shule ya msingi hapo hapo mjini. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, vyumba vinne vya tofali za udongo, na ukutani pumba zilikuwa zimeganda kama rangi ya pili. Alikuwa Msumbwa wa upande wa Ushirombo, mama mfupi mwenye mikono mikubwa. Alikuwa akiuza michembe kando ya barabara ya malori, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na ukipita bila kununua alikuuliza kwa upole kama mkeo amekukataza.

Aliolewa na Bujiku, Msukuma aliyekuwa kibarua Mwadui. Miaka kumi na tisa waliishi karibu na uzio wa mgodi wa almasi, na katika miaka yote hiyo Bernadina hakuwahi kuiona almasi hata moja. Alizaa watoto watano. Wanne aliwazika mmoja mmoja, surua, homa, surua tena, na mmoja hakujua ni nini. Bujiku naye akafa kwa kifua. Bernadina akarudisha ufunguo wa chumba, akamshika mkono yule aliyebaki, Maige, wakaja Nyahanga.

Maige aliondoka mwaka 1993 akiwa na miaka ishirini, akasema anakwenda Rwamgasa, machimboni, upande wa Geita. Mwaka wa kwanza alituma khanga na sukari kwa dereva wa lori. Baada ya hapo kimya.

Ilikuwa Jumanne, mchana, mwezi wa Agosti. Nilirudi kutoka shuleni nikawakuta wanawake wawili uani, wamesimama, hakuna anayemtazama mwenzake. Mmoja alikuwa Bernadina. Mwingine alikuwa Mama Bhoke, jirani wa mlango wa pili, Mkurya mwenye sauti kubwa, ambaye siku hiyo sauti ilikuwa imemkauka. Alikuwa akitwanga huku akisikiliza matangazo ya vifo. Betri zake zilikuwa za kuanikwa juani ili zirudishe nguvu, na siku hiyo hazikupata jua la kutosha. Alisikia kwamba Gulamali wa Rwamgasa anasikitika kutangaza kifo cha Maige Bujiku. Alisikia kwamba mazishi yamekwisha fanyika huko huko. Alisikia "habari ziwafikie", kisha redio ikakoroma na kunyamaza.

Mama Bhoke alikuwa akirudia jambo hilo moja kwa kila aliyeingia uani, kwamba aliitikisa redio, akaipiga kofi, akazitoa betri na kuzing'ata. Alisema kama angezianika tangu asubuhi, angesikia.

Bernadina hakulia. Akaniambia, "Mwalimu, Maige ni wengi. Na Bujiku ni wengi."

Ilikuwa kweli. Ukisimama kwenye soko lolote la Usukumani ukaita Maige, watageuka watu kumi, na wawili kati yao baba zao wataitwa Bujiku.

"Kama ni wangu, nimetajwa," akasema. "Hakuna mtu anayetangaza kifo akaacha kumtaja mama. Kama sikutajwa, si wangu. Nitafutie hayo majina."

Hilo ndilo alilotaka, na hakutaka kingine. Alitaka orodha ya majina iliyofuata baada ya neno "ziwafikie", na alikuwa akiomba kwa nguvu zake zote jina lake lisiwemo.

Tulianza kuzunguka Nyahanga kutafuta redio nyingine. Fundi cherehani aliyekuwa na redio kubwa alikuwa amehamia stesheni nyingine kwa sababu matangazo ya vifo humharibia siku. Kilabuni walikuwa wakibishana juu ya mpira. Mmoja aliapa kwamba alisikia Kahama ikitajwa, mwenzake akamwambia alichosikia ni Kasamwa, na kwamba hata hivyo alikuwa amelewa tangu saa nne. Wakaanza kupigana. Muuguzi mmoja alisikia jina la Maige vizuri kabisa, lakini mtoto wake alilia wakati wa majina. Kwa kila aliyesema hakusikia, Bernadina alishukuru kama mtu aliyepewa zawadi. Nikaanza kuogopa shukrani hizo.

Nilitaka kuandika barua redioni, Dar es Salaam. Bernadina akaniuliza barua huchukua muda gani kwenda na kurudi. Nikamwambia. Akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga mbili na amebeba kikapu.

"Gulamali wa Rwamgasa anayajua hayo majina," akasema. "Yeye ndiye aliyeyapeleka."

Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akanipa siku tatu. Tulipanda lori la chumvi hadi Ushirombo, tukalala kwa dada yake, kesho yake tukapata lori jingine hadi Katoro, na kutoka hapo tukatembea na wanawake waliobeba ndizi. Njiani Bernadina alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Alinieleza tofauti zote kati ya Maige wake na yule Maige mwingine, aliyekufa. Yule mwingine alikuwa mchimbaji wa siku nyingi, wake alikuwa mgeni. Yule mwingine alikuwa na marafiki wa kumtangazia kifo, wake alikuwa mkimya tangu utotoni. Tulipofika ukingoni mwa machimbo, yule Maige mwingine alikuwa ameshapata, katika maelezo yake, mke, watoto watatu na jino la dhahabu. Bernadina alimhurumia sana mama yake.

Rwamgasa palikuwa mji wa maturubai. Ardhi ilikuwa imefumuliwa kana kwamba mtu alipoteza kitu na kuchimba kila mahali kukitafuta. Wanawake walikaa kwenye vumbi wakiponda mawe kwa nyundo, watoto migongoni, na kelele za nyundo hizo hazikukoma. Niliambiwa chuoni kwamba nchi yetu ni tajiri. Siku hiyo niliuona utajiri huo, na watu waliokuwa wameukalia walikuwa hawana viatu.

Duka la Gulamali lilikuwa la mabati, na ndani yake mlikuwa na kamba, tochi, sururu, unga na sabuni. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, mzaliwa wa Shinyanga, Mhindi anayeongea Kisukuma cha kijijini kunishinda mimi niliyezaliwa nacho. Alikuwa ndiye mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, alimofia Maige. Yeye alitoa kamba na chakula, vijana walitoa miili yao, na mawe yakigawanywa yeye alichukua kwanza.

Bernadina akamwamkia, akamweleza. Gulamali akamsikiliza hadi mwisho.

"Wewe ni mama wa nani?"

"Sijui bado. Nataka unisomee tangazo."

"Watu huja hapa kutafuta dhahabu," akasema Gulamali. "Wewe umetembea kutoka Katoro kutafuta karatasi."

Wachimbaji wawili waliokuwa wakinunua betri wakacheka. Gulamali hakucheka. Alieleza kwamba amechoka na wazazi. Mwezi uliopita kijana mmoja alikufa akaacha baiskeli, wakaja mama wanne, na mmoja alikuwa mdogo kuliko marehemu. Hata hivyo akavuta sanduku chini ya kaunta, akatoa nakala ya simu ya maandishi aliyoipeleka posta, iliyonakiliwa kwa karatasi ya kaboni, maandishi ya buluu yaliyofifia. Bernadina hakujua kusoma. Akanisukumia mimi.

Nikasoma kwa sauti: "Gulamali wa Rwamgasa, Geita, kwa niaba ya wachimbaji wenzake, anasikitika kutangaza kifo cha Maige Bujiku kilichotokea tarehe tisa Agosti. Mazishi yamekwisha fanyika huko huko. Habari ziwafikie Mama Bhoke wa Nyahanga, Kahama..."

Bernadina akashika ukingo wa kaunta. Hakukuwa tena na Maige mwingine. Yule mwenye mke na jino la dhahabu alifia hapo hapo dukani.

Nami nilikuwa nimeona maneno yaliyofuata, nikanyamaza.

"Soma, mwalimu."

"Mama, inatosha."

"Soma yote."

Nikasoma. "...na wapangaji wote wa nyumba ya marehemu mama yake, Bernadina Kalekwa, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga."

Kisha Bernadina akamuuliza Gulamali, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza bei, "Nilikufa lini?"

Gulamali akafungua daftari kubwa la mistari. Kila aliyeshuka duara lake aliandikwa humo siku ya kwanza: jina lake, baba yake, mama yake, ndugu zake, na watu wa kuarifiwa akipatwa na jambo. Maneno ya tangazo lile yalikuwa ya Maige mwenyewe, aliyataja mwenyewe akiwa mzima, akiwa amesimama mbele ya kaunta ile ile. Gulamali alipitisha kidole.

"Mwaka tisini na nne, mwezi wa tatu," akasema. "Homa."

"Mama, huku marehemu ni wengi," akasema mmoja wa wale wachimbaji, "ila wewe ni wa kwanza kuja kutusalimia." Mwenzake akampiga kiwiko.

Gulamali akasema kwamba hawezi kumpa vitu vya Maige mtu ambaye daftari linasema amekufa. Hapo nikalipuka. Nilisema mengi juu ya wanaokunywa jasho la wengine, na juu ya nchi iliyopigania uhuru ili watu wake wafe kama panya. Maneno mengine siyakumbuki. Nakumbuka Gulamali akinitazama bila hasira, na Bernadina akinivuta shati.

"Mwalimu, nyamaza. Mtoto wangu alinizika. Nataka kujua nilimkosea nini."

Aliyemjibu alikuwa Herman, msimamizi wa duara, Muhaya wa makamo aliyeingia wakati nikipiga kelele na kusimama mlangoni na kofia mkononi. Alimtazama Bernadina muda mrefu.

"Hukumkosea kitu, mama," akasema. "Angesema uko hai, asingeshushwa."

Akatueleza kanuni ya machimbo yale. Mtoto wa pekee wa mama aliye hai hashuki shimoni, kwa Gulamali wala kwa mwingine yeyote. Wachimbaji wanaamini kwamba chozi la mama asiyebakiwa na mwingine hufukuza dhahabu. Akilia juu ya shimo, mwamba hugeuka mawe matupu, na msimu mzima wa watu wote wa duara huharibika. Kwa hiyo kila mgeni huulizwa: mama yuko hai? Mko wangapi? Na aliyezaliwa akabaki peke yake ana njia mbili, kurudi kwao au kumuua mama yake kwa mdomo.

Nikasema huo ni ujinga.

"Ni ujinga, mwalimu," akasema Herman. "Lakini ndio unaoandikwa kwenye daftari."

Walikuwa na sheria juu ya machozi. Sheria ya kuegemeza kuta za shimo kwa magogo hawakuwa nayo. Nilipomuuliza Gulamali, alisema magogo yanatoka mbali.

Herman alikuwa anajua kwamba Maige alidanganya. Maige alimwambia siku moja wakiwa chini, tochi imezimika, wanasubiri kuvutwa. Alisema alichagua homa kwa sababu ndiyo isiyoulizwa maswali. Alisema aliandikisha jina la Mama Bhoke kwa sababu Mama Bhoke husikiliza redio kila siku na kila anachokisikia hukitangaza mtaa mzima. Na barua alishindwa kuandika, maana barua hupita dukani kwa Gulamali, na mtu hamwandikii marehemu.

Bernadina alisikiliza yote hayo, pamoja na habari ya ukuta wa shimo uliomwangukia Maige, akiwa amekaa juu ya gunia la unga. Akauliza kama ukuta ulimwangukia kichwani au kifuani. Herman akasema kifuani. Akauliza kama alichukua muda. Herman akazungusha kofia mikononi, akasema hapana, na sote tukajua kwamba ilichukua muda.

Jioni kabla jua halijazama Herman alitupeleka kaburini. Lilikuwa kwenye safu ya makaburi pembeni mwa shamba la mihogo, udongo mwekundu ule ule wa mashimoni, na ubao uliochorwa kwa mkaa M. BUJIKU. Bernadina akapiga magoti, akalisawazisha kwa viganja kama anavyosawazisha michembe kwenye mkeka. Alifanya hivyo muda mrefu. Kisha akauliza upande gani ni kichwa, akakaa hapo.

Tuliporudi nilikuwa nimeshapanga. Nilimwambia Gulamali atapeleka tangazo lingine, la kusahihisha. Litasema kwamba Maige Bujiku alikuwa mtoto wa Bernadina Kalekwa, aliye hai, na habari zimfikie kwanza yeye. Nilikuwa tayari kwenda nalo posta Geita kwa miguu. Nilitegemea Gulamali abishe, nilitaka abishe. Alikubali. Alichukua kalamu, akaandika, akasoma, akaniuliza kama nimeridhika. Kisha akalisukuma kwa Bernadina, ili aweke dole gumba.

Bernadina akamwuliza Herman, "Likisomwa redioni, vijana watafanya nini?"

"Wataacha duara. Watasema limelaaniwa. Na wenye maduara mengine wataanza kuwachunguza walioko kwao, nani mwingine alidanganya."

"Wako wangapi waliodanganya?"

Herman akamtazama Gulamali, Gulamali akatazama kamba zake.

"Mama, nisikufiche," akasema Herman. "Hapa kwetu, kati ya ishirini na wawili, kumi na mmoja wameandikwa hawana mama. Mimi nimekula nao. Najua wanavyoongea na mama zao wakilala."

"Wakifukuzwa wataenda wapi?"

"Mashimo ya mbali zaidi. Yale yasiyouliza kitu."

Bernadina akairudisha karatasi. Nikamwambia asikubali, kwamba ukweli ni ukweli, kwamba hawezi kuacha ulimwengu uamini kwamba mtoto wake hakuwa na mama. Nilisema hayo nikiwa nimesimama, naye amekaa. Akanisubiri nimalize.

"Wewe unataka kushinda, mwalimu," akasema. "Mimi nimeshashindwa. Acha nibaki nimekufa."

Gulamali akamkabidhi mfuko wa Maige bila kumwandikisha popote. Ndani mlikuwa na suruali, wembe, na kikombe cha bati. Tukalala kwenye kibanda cha mwanamke mmoja muuza uji, au tuseme tulijinyoosha, maana sikumsikia Bernadina akipumua kama mtu aliyelala.

Asubuhi iliyofuata nilipoamka hakuwepo. Nilimkuta kwenye duara, amekaa juu ya jiwe hatua mbili kutoka mdomo wa shimo, karibu na roda inayopitisha kamba. Vijana walikuwa wakifika mmoja mmoja, tochi zimefungwa vichwani kwa mpira wa baiskeli. Herman alikuwa amesimama na daftari. Hakumwondoa.

Kila aliyefika alimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama asubuhi, "Mwangaluka, mayu," naye aliitikia, kisha akamwuliza, "Mama yako yuko hai?"

Wa kwanza, mwenye kaka zake watano, akasema yuko hai, yuko Nzega, akashuka. Wa pili alitazama daftari kwanza. "Alishafariki, mayu." Akashuka. Wa tatu akasema alifariki. Wa nne akasema alifariki, kisha akajifanya anakohoa. Bernadina alimwitikia kila mmoja kwa kutikisa kichwa. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na niliona vijana wakiyachungulia kabla ya kushika kamba.

Wa mwisho alikuwa mgeni, aliyeletwa kuziba nafasi ya Maige. Alikuwa na miaka kumi na tisa au ishirini, na kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. Herman akamwuliza jina. Benjamini. Akamwuliza baba, akaandika. Akamwuliza ndugu.

"Niko peke yangu."

"Mama?"

"Marehemu."

Bernadina akanyoosha mkono akamshika kifundo cha mkono.

"Hicho kifurushi," akasema, "nani alikufungia?"

Benjamini akakitazama. Kitenge kilikuwa kimekunjwa pembe kwa pembe, na fundo lilikuwa limekazwa mara mbili, safi, kama wanavyofunga wanawake wanapomsafirisha mtu mbali. Kutoka chini wenzake wakaanza kuitikisa kamba, wakiuliza kwa nini wanacheleweshwa. Herman alikuwa ameinamia daftari, na kalamu yake haikutembea.

"Mayu, niachie," akasema Benjamini taratibu. "Wananisubiri."

Hakumwachia. Kijana akaweka kifurushi chini, akavibandua vidole vya Bernadina kimoja kimoja kwa mkono wake mwingine, bila kumuumiza, kuanzia kile kidogo. Kisha akaishika kamba na kushuka.